Sijambo ya Mwenye Jambo

Kila alfajiri jirani yangu hupita mbele ya kibaraza changu akielekea katika shamba lake la mahindi. Husimama kidogo, jembe likiwa begani, akaniuliza neno lile lile: "Mwalimu, hujambo?" Nami humjibu neno lile lile: "Sijambo." Naye huongeza, "U mzima?" Nami husema, "Mzima." Kisha yeye hushika njia yake, nami hurudi ndani kumeza kidonge changu cha asubuhi.

Msomaji wa kwetu visiwani hahitaji kufundishwa maamkizi. Hata hivyo, na tulitazame neno hili kwa makini, maana mazoea hufumba macho. Anayeuliza "hujambo?" anataka kujua kama huna jambo, yaani kama hapana lililokusibu. Anayejibu "sijambo" anashuhudia kwamba hana jambo. Wazee wetu waliyajenga maamkizi kwa njia ya kukanusha, kana kwamba siha haina umbo la kuelezeka, ila ni ile nafasi inayobaki pale balaa inapokosekana. Basi mimi, ambaye huu ni mwaka wa kumi na moja jina langu limo katika daftari la wenye kisukari, jambo ninalo. Tena jambo lenyewe halitoki. Niliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba nitazeeka nalo. Lakini sukari yangu imedhibitiwa, macho yanaona, figo zinafanya kazi, na miguu inanifikisha nitakako. Je, nijibupo "sijambo" huwa nasema kweli, au kila asubuhi naifungua siku yangu kwa uongo mdogo wa kiungwana?

Kabla sijalijibu swali hili, yafaa nieleze niliko. Mimi ni mzaliwa wa Unguja niliyepelekwa na kazi ya ualimu hadi Nyanda za Juu Kusini, nikaoa huko, nikastaafu, nikabaki. Nakaa Makongolosi, mji mdogo katika wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya. Atokaye Mbeya mjini hupanda kwanza milima yenye baridi na ukungu, kisha huteremka upande wa pili hadi kwenye nyika yenye joto, akaipita Chunya, akaenda mbele kiasi cha kilomita 39. Barabara hiyo zamani ilikuwa ya vumbi; leo ina lami. Hapa watu hulima mahindi na tumbaku na hurina asali porini, lakini kilichowaita wengi ni dhahabu. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na tangu hapo nchi hii haijaacha kuchimbwa, mara na makampuni, mara na wachimbaji wadogo wenye sururu na makarasha. Usiku, badala ya mawimbi niliyolelewa nayo, husikia mashine zikisaga mawe.

Sasa niyaseme maradhi yenyewe. Kwetu Unguja kisukari ni jina la ndizi, ile ndogo nyembamba ganda, tamu kupita nyingine, ambayo mama zetu walitupa tulipokuwa hatuna hamu ya kula. Kwamba jina la tunda la kumbembelezea mtoto limekuwa pia jina la maradhi ya mtu mzima, hilo lilinichekesha kabla ya kunitia huzuni. Si sisi peke yetu tuliouona utamu ndani ya msiba huu. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliyaita maradhi haya mkojo wa asali. Wayunani waliyapa jina lenye maana ya kupita na kuvuja, kwa vile mgonjwa hunywa maji yasimkae. Abu Ali ibn Sina naye aliyaandika katika vitabu vyake vya utabibu.

Tujuavyo leo, mwili hugeuza chakula kuwa sukari inayosafiri katika damu, na kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari hiyo mlango wa kuingia katika nyama na viungo. Katika kisukari cha aina ya pili, mlango huwa mzito kufunguka, na kongosho, baada ya kujitahidi miaka mingi, huchoka. Sukari hubaki njiani. Huko njiani ndiko inakoharibu, polepole, mishipa midogo ya macho, ya figo na ya fahamu za miguu, na mishipa mikubwa ya moyo na ya ubongo.

Mwaka ule ule wa 1922 ambao dhahabu ilionekana Lupa, huko Toronto, nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, wa kwanza miongoni mwa wagonjwa wa kisukari kutibiwa hivyo. Na mwaka huo huo, mjini Dublin, wanakemia wawili walieleza namna ya kuitengeneza metfomini, dawa ambayo asili yake imefungamana na mmea wa maua ya zambarau uliotumiwa zamani na waganga wa Ulaya. Dawa hiyo ililala miaka thelathini na mitano, hadi mwaka 1957, daktari Mfaransa Jean Sterne alipoitumia kwa wagonjwa wake. Leo ndicho kidonge ninywacho asubuhi na jioni pamoja na chakula. Dunia nzima ilisikia habari za dhahabu ya mwaka ule, na watu wakavuka bahari kuifuata. Kidonge hakikumwita mtu, na mimi niliyekuja kuishi juu ya ile dhahabu, kinachoniweka hai ni kile kilichosahauliwa.

Nimesema kwamba sukari huharibu polepole. Neno hilo "polepole" ndilo lenye swali letu, kwa sababu uharibifu huu hauumi. Tumezoea kuyajua maradhi kwa maumivu. Jino likioza hutunyima usingizi. Malaria ikitushika hututetemesha hata tusiotaka kwenda hospitali tupelekwe. Maumivu ni mpiga mbiu wa mwili: hatumpendi, lakini bila yeye mji hushambuliwa wenyeji wamelala. Kisukari kina hila ya kumnyamazisha mpiga mbiu kwanza. Mtu huweza kuwa nacho miaka kadhaa bila kujua, na hata akishajua, akawa anakunywa dawa, hajisikii tofauti yoyote kati ya siku aliyojitunza na siku aliyojiachia.

Namkumbuka mchimbaji mmoja wa hapa mtaani, mtu wa nguvu na maskhara, ambaye tuliandikishwa kliniki mwaka mmoja. Baada ya miezi michache alijiona mwepesi, akaacha vidonge, akaacha kuja. Nilipomuuliza aliniambia, "Mwalimu, naumwa wapi?" Sikuwa na jibu, maana kweli hakuumwa popote. Mwaka wa tatu kijiwe kiliingia ndani ya buti lake, akafanya nacho kazi kutwa, na siku ya pili, na siku ya tatu. Mguu haukumwambia kitu. Mkewe ndiye aliyeona damu katika soksi. Alipotoka hospitali mguu mmoja ulikuwa umekatwa chini ya goti. Nilikwenda kumjulia hali, na hakunung'unika, alinitazama tu akasema, "Ungeniuma, ningekwenda." Sentensi hiyo imenikaa moyoni kuliko mawaidha yote niliyowahi kuyasikia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini rafiki yangu hakuficha kitu. Yeye alifichwa na mwili wake mwenyewe.

Hapa ndipo swali la kiafya linapogeuka kuwa swali la kimaadili, nalo ni hili: je, mtu ni shahidi wa kutosha juu ya nafsi yake? Sisi sote hudhani kwamba hali yangu naijua mimi kuliko mwingine yeyote. Nikisema najisikia vyema, nani wa kunipinga? Kumbe kuna mambo yangu, tena yaliyo ndani ya ngozi yangu, ambayo muuguzi mwenye tone la damu yangu anayajua kunishinda.

Watu wa Makongolosi wangepaswa kulielewa hili kwa wepesi, kwa kuwa ndiyo kazi yao ya kila siku. Mchimbaji aliyeokota punje inayong'aa haendi nyumbani kusherehekea mng'ao. Huipeleka ikapimwe, na mizani husema uzito, na kipimo kingine husema usafi wake. Tangu mwaka 2019 masoko ya madini yalipoanzishwa nchini, biashara hii hufanyika hadharani zaidi, kila mtu akiona tarakimu. Sijapata kumwona mchimbaji aliyetukanika kwa kuambiwa "tupime". Angetukanika kama angeambiwa "tukadirie". Lakini mtu huyo huyo ukimwomba aipime damu yake, hukujibu kwamba yeye anajijua. Kitu alichokichimba juzi anakiamini mizani. Mwili aliozaliwa nao anauamini dhana.

Mimi kila baada ya miezi mitatu hupanda gari kwenda kliniki. Hupimwa uzito na shinikizo la damu. Hutobolewa kidole nikiwa sijala, na siku ya mwisho nilipokwenda nilikuta 6.1. Huvuliwa viatu, na muuguzi hunigusa nyayo kwa uzi mwembamba, akiniambia, "Mzee, fumba macho, useme nikikugusa." Mara moja kwa mwaka mkojo wangu hutazamwa kama figo zinavujisha protini, na macho huchunguzwa hadi nyuma kabisa, pale picha ya dunia inapoangukia. Na mara mbili kwa mwaka huchukuliwa damu kwa kile ambacho wengi wetu hukiita kipimo cha miezi mitatu.

Kipimo hicho ndicho kilichonifundisha adabu, na sina budi kukiri namna yenyewe. Miaka ya mwanzo nilikuwa na ujanja wangu. Siku tatu kabla ya kliniki nilikula mboga na kunywa maji, nikatembea asubuhi na jioni, na nilipotobolewa kidole nilipata tarakimu ya kusifiwa. Nikitoka hapo nilipitia mgahawani kuagiza chai yenye vijiko vinne na maandazi. Nilikuwa kama mwanafunzi asomaye usiku wa mtihani, nami nilikwisha kuwaadhibu wanafunzi wengi wa namna hiyo. Siku moja daktari aliweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilisema sukari ya asubuhi ile ilikuwa njema. Ya pili ilisema asilimia 9.2, mahali ambapo wengi hushauriwa wasifike hata 7. Akanieleza kwa upole. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, na muda wote huo sukari iliyo karibu nayo hunata juu yake. Anayeipima chembe hiyo hapimi jana na juzi. Anasoma habari za miezi miwili au mitatu. "Mwalimu," aliniambia, "damu yako imeweka daftari la mahudhurio."

Nilitoka pale nimetahayari, na haya ile haikutokana na maradhi. Nilikuwa nimemdanganya nani? Daktari hakupungukiwa na kitu kwa ujanja wangu. Figo zilikuwa zangu. Nilikuwa nimejigawa watu wawili, mmoja akimficha mwingine, na wote wawili wakikaa katika mwili mmoja. Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba faida ya kwanza ya kupimwa ni kumrudisha mtu kuwa mmoja. Na hapa lugha yetu imetutangulia. Neno "mzima" halina maana ya asiyeugua pekee. Chungu kizima ni kile kisichopasuka. Siku nzima ni ile isiyokatwa. Mtu mzima ni yule aliyekamilika utu wake. Nikiwa na sukari ya kupendeza na siri mbili tatu ndani yake, nilikuwa nimegawanyika, wala uzima sikuwa nao.

Najua lipo pingamizi, na wenye kulitoa ni watu wenye akili. Watasema: maisha gani haya ya kuishi kwa tarakimu? Mtu aliyeumbwa huru sasa anahesabu viganja vya wali, anakagua viatu kabla ya kuvivaa, anaogopa embe. Si afadhali miaka michache ya raha kuliko mingi ya hofu? Silidharau pingamizi hili. Nimewaona wagonjwa walioufanya ugonjwa kuwa kazi yao na mazungumzo yao, hata wakikuamkia wanakutajia sukari yao. Huyo ameuacha utumwa wa tamaa akaingia utumwa wa kipimo, na sijui kama amefaidi.

Nawaomba wasomaji wa pwani wanisaidie kujibu, kwa kuwa jibu nimelikumbuka kutoka ufukweni. Sote tumewaona mafundi wakikipandisha chombo mchangani maji yanapojaa, wakakiegemeza, wakakikwangua. Huingiza pamba katika nyufa za mbao, wakakalafati, wakapaka sifa, na chini wakapaka shahamu na chokaa kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Chombo hicho hakijavunjika. Kimetoka safari juzi na kitasafiri tena kesho kutwa. Wala hakuna nahodha asemaye, "Chombo changu ni kigonjwa, maana kila msimu hukalafatiwa." Husema chombo ni kizima, na akiulizwa sababu atasema ndiyo hiyo: kinakalafatiwa. Bahari haikomi kutafuta mlango, na fundi hakomi kuuziba. Nahodha ambaye angekaa usiku kucha akizihesabu nyufa asingesafiri kamwe. Na yule asiyezitazama kabisa angesafiri mara moja. Aliye sawa hukitengeneza chombo kwa wakati wake, kisha akatweka tanga akafikiri habari za safari.

Basi tarakimu yangu nimeipa saa zake. Asubuhi namkumbuka Mola wangu, nameza kidonge, natazama nyayo zangu, nakung'uta viatu. Halafu nausahau ugonjwa, nasoma, natembelea wagonjwa wengine, nabishana na vijana juu ya mashairi. Uzima wangu umekuwa kitu nikitendacho zaidi kuliko kitu nilicho nacho. Na nadhani ndivyo ulivyo uzima wa kila mtu, ila mwenye kisukari hana nafasi ya kujidanganya kwamba amepewa bure.

Imebaki habari ya wenzetu, maana hakuna anayeishi peke yake. Mimi nimetoka katika watu ambao mgeni hukaribishwa kwa kahawa na halua, na kukataa halua ya mtu ni kumkataa yeye. Hapa Makongolosi chai hutiwa sukari jikoni, kabla mgeni hajaulizwa. Miaka ya mwanzo niliona ni uungwana kunywa tu nisimuumize mwenyeji. Baadaye nilijiuliza: uungwana gani huu unaomfanya mwenyeji ashiriki kunidhuru bila kujua? Nikaanza kusema waziwazi, mapema, kabla chai haijatiwa: "Mama, mimi nina kisukari, nitashukuru nikipata ya kavu." Sikupata kumwona aliyekasirika. Zaidi ya mara moja nimemwona mwenyeji akivuta kigoda, akanong'ona, "Hata mimi nilikutwa nayo, sijamwambia mtu." Yupo pia anayeniletea chupa ya asali ya porini akiapa kwamba asali haina neno. Humshukuru, nikamwambia asali nayo ni sukari, kisha tukacheka. Nyumbani, mke wangu hakukubali chungu changu kiwe mbali na cha watu wengine. Mboga zimeongezeka kwa wote, wali umepungua kwa wote. Nisingefika mwaka wa kumi na moja kwa nguvu zangu peke yangu.

Mwezi wa Ramadhani swali langu hurudi kwa sura ya fiqhi. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kuja kulipa. Je, mimi ni mgonjwa? Nilimuuliza daktari na nilimuuliza sheikh, na nilistaajabu kuona kwamba wote wawili hawakulijali jina la maradhi yangu. Waliuliza hali. Kwa kuwa sukari yangu imetulia na dawa yangu ni metfomini, nimeambiwa naweza kufunga, vidonge vikahamia futari na daku, nikajipima mchana, na ikishuka chini ya 3.9 nifungue papo hapo bila kusitasita. Rafiki yangu mwingine, ambaye figo zake zimeathirika na anajidunga insulini, ameambiwa asifunge. Jina la maradhi yetu ni moja na hukumu zetu ni mbili. Nimejifunza hapo kwamba uzima hausomwi katika jina la ugonjwa ulioandikwa kwenye cheti, bali katika hali ya mtu aliyesimama mbele yako.

Lakini nisije nikateleza. Ipo hatari kwa mtu kama mimi, aliyedhibitiwa vizuri, kuanza kuitazama tarakimu yake kama malipo ya wema wake, na mguu uliokatwa wa mwenzake kama adhabu. Hilo ni kosa la akili na la moyo pia. Kisukari cha aina ya pili hurithiwa katika koo, na hukua katika mazingira ambayo mtu mmoja hakuyachagua. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulimkuta chini ya mtu mmoja mwenye kisukari katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban tisa katika mia, miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vijiji na nchi nzima si kipimo kimoja, lakini nani atakayesema kwamba katika miaka ishirini na mitatu Watanzania walipungukiwa na tabia njema mara tisa? Kilichobadilika ni chakula, kazi, miji na umri wa kuishi. Na rafiki yangu mchimbaji hakuwa na pensheni ya ualimu. Siku ya kliniki kwangu ni safari. Kwake ilikuwa siku ya kutopata kitu. Anayempima mtu kwa mguu wake uliokatwa anatumia mizani mbovu.

Hata hivyo, kukataa kulaumu si kukata tamaa. Huko Uingereza wagonjwa zaidi ya 5,000 waliogundulika karibuni kuwa na kisukari hiki walifuatiliwa kwa miaka mingi, tangu 1977 hadi 1997. Matokeo yalitangazwa mwaka 1998: waliodhibitiwa kwa makini madhara ya mishipa midogo yalipungua kwao kwa kiasi cha robo. Mwaka 2008 lilitangazwa jambo jingine ambalo mimi naliona la ajabu zaidi. Baada ya utafiti kwisha, tofauti ya sukari kati ya makundi mawili ilitoweka, lakini waliotunzwa mapema waliendelea kunufaika miaka kumi baadaye. Mwili ulikumbuka wema uliotendewa zamani. Basi daftari lile la damu halina madeni peke yake. Lina na akiba. Na robo si yote. Wapo walioyafanya yote wakaharibikiwa, na hakuna tarakimu inayomdhamini mtu kesho yake. Kumdhamini hakuwezi, kumwambia ukweli wa leo kunaweza, na hilo si dogo.

Narudi kibarazani kwangu. Wiki iliyopita rafiki yangu mchimbaji alipita, siku hizi ana mguu wa bandia na kazi yake ni kuwauzia wachimbaji viatu. Kila anayenunua humwagiza akung'ute kabla ya kuvaa. Kliniki siku hizi tunakwenda pamoja. Nauli hulipa yule aliye nayo. Aliniuliza kutoka barabarani, "Mwalimu, u mzima?" Nilifikiri kidogo kabla ya kujibu, kwa sababu nilikuwa nikiiandika insha hii, na neno lilikuwa limenielemea.

"Mzima," nilimwambia. "Na wewe?"

"Mzima," alijibu, akagonga mguu wake wa bandia kwa fimbo, tukacheka.

Hatukusema uongo. Jambo tunalo, sote wawili, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake analo. Tulichokanusha si kuwapo kwake. Tulikanusha kwamba limetushinda asubuhi ile. Sijambo yetu ni ya siku moja moja, inayopaswa kuangaliwa upya kesho, kama chombo kabla ya kushushwa majini. Alhamisi ijayo ni kliniki. Nimekwisha mwambia nitamngoja kituoni saa kumi na mbili, tusile kitu.